Naombeni ushauri: nguo za kupandia farasi kwenye baridi ya Septemba huko Aisilandi

BintiKihesa:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni dada wa miaka 27, nipo Göteborg Uswidi nasoma masters, mwaka wa pili huu. Mchumba wangu ni mtu wa Aisilandi, kwao ni Skagafjörður kule kaskazini, ni wafugaji wa kondoo na farasi. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu kuna kitu wanaita Laufskálarétt, yaani farasi waliokuwa wanajilisha wenyewe mabondeni kiangazi chote wanaswagwa kushushwa hadi kwenye zizi kubwa, hapo kila mtu anatafuta wa kwake. Familia yao huwa wanapanda farasi kwenda kuwaleta na mama yake kanitumia meseji kwamba mwaka huu kanitengea farasi mpole nami niende. Nimeshasema ndiyo.

Kukaa juu ya farasi najua kiasi, nimelipia masomo mara sita huku, ila ni ndani ya banda. Shida ni nguo. Kule sasa hivi ni nyuzi 3 mpaka 8 na upepo usio na huruma, na mvua inakupiga ubavuni. Naomba kujua nivae nini hasa MAGOTI, MAPAJA NA KIUNO visipate baridi hata kidogo. Pili, mtu anakunywaje maji akiwa juu ya farasi masaa matatu manne, maana lazima ninywe.

Nimeshanunua vitu vya mtumba kwa dada mmoja aliyeacha kupanda: buti, glavu za ngozi, suruali na helmeti. Tiketi nimelipa tayari. Naomba ushauri wa nguo tu, mambo mengine yapo sawa.

NahodhaLamu:
Sisi Lamu tunapanda punda na kikoi na ndara, na tunafika. Pole dada, huko kwenu mnyama anavaa vizuri kuliko mpandaji.

MtuWaBanda:
Dada nipo Scotland mwaka wa saba nafanya kazi kwenye banda la farasi, hii baridi ya mvua na upepo ndo ofisi yangu. Sikiliza.

Pamba weka pembeni kabisa. Fulana ya pamba ikilowa jasho au mvua inashikilia maji mwilini na unaganda, sufu hata ikilowa bado inakupa joto. Kwa hiyo ngozini ni sufu nyembamba ya merino juu na chini, ile taiti ya kubana isiyo na mshono mnene ndani ya paja, maana mshono ndo unachuna ngozi ukikaa kwenye tandiko saa nzima. Jinzi usithubutu. Juu yake sweta la sufu, na Waaisilandi wana lopapeysa, lile lenye mapambo mabegani, sufu ya kondoo wao ina nyuzi ndefu za nje zinazotiririsha maji na laini za ndani zinazotunza joto. Mama mkwe atakuwa nalo la kukuazima, usinunue. Juu kabisa kinga ya upepo na mvua, koti na suruali, na koti liwe fupi au liwe na mpasuo nyuma, la sivyo utalikalia na maji yote yatachuruzika kwenye tandiko.

Miguu ndo watu wengi wanakosea. Wanavaa soksi mbili tatu nene ndani ya buti ileile, buti inabana, damu haipiti, vidole vinakufa ganzi. Soksi moja ndefu ya sufu na nafasi ya kuchezesha vidole. Buti iwe na kisigino kidogo na soli isiyo na meno makubwa, zile za theluji zenye soli nene ukianguka mguu unanasa kwenye kikuku cha kukanyagia na farasi anaondoka na wewe. Skafu ya kuning'inia hapana, chukua kile kitambaa cha mviringo cha kuvuta shingoni. Na koti la mvua lile linalochakarika usilivue wala kulivaa ukiwa juu ya farasi, nimeona mwenzangu kavunjika mkono hivyohivyo. Shuka kwanza.

Ila nina maneno mawili kuhusu huo mtumba wako. Helmeti ya mtumba usivae. Ikishagongwa mara moja ile povu ya ndani inakuwa imeharibika na kwa nje huoni kitu. La pili nalitafuta vizuri nikuandikie baadaye.

MzeeMakete:
Binti yangu wewe ni wa Kihesa Iringa, baridi unaijua. Sisi huku Makete mwezi wa sita na wa saba majani yanakuwa meupe kwa barafu asubuhi na tunakwenda kuvuna viazi na blanketi begani. Mwaka 1988 nilitembea kutoka kwetu hadi Njombe kwa miguu na shati moja na koti la marehemu baba. Ninachouliza ni hiki, huyo kijana amekuja kujitambulisha kwenu? Mahari imezungumzwa? Maana naona tunajadili soksi wakati binti anaitikia mwito wa mama mkwe kabla mama mkwe hajajulikana kwao.

Kamaa_Ngong:
Mimi niko Nairobi, nilikuwa nashughulikia farasi pale Ngong Racecourse before nitoke. Huyo wa Scotland amesema ukweli. Kitu moja naongeza, glavu. Mvua ikinyesha hatamu inateleza kama sabuni, tafuta glavu nyembamba zenye mpira kwa kiganja, nyingine kavu weka kwa mfuko. Zile nene za theluji hutahisi mdomo wa farasi, utamvuta vibaya bure. Kuna jamaa nilifanya nayo kazi alikuwa anavaa soksi kwa mikono, tulimcheka mpaka siku farasi ilimtoroka.

MamaPacha:
Mwanangu nimesoma uzi wako mara mbili. Watu wote nimewahi kuwasikia wanaolalamikia baridi wanalia na vidole, masikio na pua. Wewe umeandika magoti, mapaja na kiuno kwa herufi kubwa. Halafu maji, "lazima ninywe". Una nini?

BintiKihesa:
Asante sana MtuWaBanda, nimeandika kila kitu kwenye daftari. Helmeti nitaazima huko. MzeeMakete shikamoo baba, atakuja Desemba kujitambulisha. MamaPacha mimi ni mtu wa tahadhari tu, napenda kunywa maji.

MamaPacha:
Nimefanya kazi wodini miaka 19. Nakuuliza tena kwa upendo. Una nini?

BintiKihesa:
Sawa. Nina sikoseli. SS, yaani nimerithi kwa baba na kwa mama. Sikutaka kuandika kwa sababu nikishasema hapo kila mtu ataniambia nisiende na nguo hazitazungumzwa tena. Nimekaa miaka miwili na miezi sijalazwa, natumia dawa ya haidroksiyurea kila siku, hospitali ya huku wananifuatilia vizuri. Utotoni nililazwa sana, maumivu yakija yanaanzia magotini yanapanda mapajani hadi kiunoni, ndo maana nimeuliza hivyo. Najua baridi ni adui yangu, naijua kuliko yeyote humu. Lakini kila kitu nimekatazwa tangu nipo darasa la kwanza, kukimbia, kuogelea, kulala bweni. Hii moja naitaka. Na nikivaa vizuri sioni kwa nini nishindwe.

Dkt_wa_Mtaani:
Mapenzi ni upofu jamani. Mtu mgonjwa anafuata farasi ncha ya dunia ili apendwe. Nenda ukapime mchumba wako kwanza kabla ya kuzaa, acha mambo ya soksi.

SaraMbeya:
Dkt_wa_Mtaani acha ukali usio na elimu. Kama mwanaume ana AA, yaani hana sikoseli wala haibebi, ambayo ndo kawaida kwa watu wa kule, watoto wote watakuwa wabebaji tu, hakuna atakayeugua. Hilo si swali la uzi huu.

Dada mimi nilikuwa na mdogo wangu wa kiume mwenye SS. Alikuwa anapenda mpira kuliko chakula. Mama alimfungia ndani, akawa anatoroka, anacheza kwenye mvua, anarudi ameloa na haambii mtu kwa sababu akisema anafungiwa tena. Siku ya mwisho aliumwa toka asubuhi akanyamaza mpaka usiku ili tusijue alikuwa uwanjani. Tulifika hospitali tumechelewa. Alikuwa na miaka 14. Sikwambii usiende. Mpira haukumuua, nimefikiria miaka yote hii, kilichomuua ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia. Kwa hiyo swali langu ni moja, utakaokuwa nao huko juu ya mlima wanajua?

BintiKihesa:
Pole sana Sara. Mchumba anajua nina "upungufu wa damu". Si uongo.

MamaPacha:
Hajui.

BintiKihesa:
Nitamwambia tukirudi. Sitaki mama yake anione kwa mara ya kwanza kama mgonjwa.

MtuWaBanda:
Nimerudi na lile la pili, na ni kubwa. Aisilandi HAWARUHUSU vifaa vya farasi vilivyotumika kuingia nchini. Tandiko, hatamu, glavu za kupandia zilizotumika, unanyang'anywa. Nguo na buti zilizotumika lazima zifuliwe na kuuliwa vijidudu kabla hujasafiri. Sababu ni kwamba farasi wao hawajachanganyika na wengine tangu karne ya 10, hawajazoea magonjwa ya huku kwetu, hawachanjwi, ugonjwa mdogo tu unasambaa nchi nzima. Hata farasi wao akitoka nje ya nchi, kwenda mashindano mfano, harudi tena nyumbani maisha yake yote. Kwa hiyo dada hizo glavu za mtumba ziache Göteborg.

Mpelelezi_Temeke:
Haya sasa. Mimi nilikuwa nasoma kimyakimya ila hapa nimenusa chai. Dada kajiunga jana, posti yake ya kwanza ni hii. Mchumba wake kazaliwa kwenye shamba la farasi huko huko, sheria hiyo kila mtoto wa kwao anaijua, halafu dada anunue mtumba wa vifaa vya farasi, mchumba asimwambie? Kwa nini mtu aje kuuliza nguo za baridi kwa Waswahili wa Temeke na Lamu wakati analala na mwenye baridi yake? Kwanza farasi gani wanaachwa mabondeni miezi bila mchungaji? Mara mapenzi, mara ugonjwa, kesho tutaombwa mchango. Wakuu msilie bure.

Kamaa_Ngong:
Hata mimi nilikuwa najiuliza hiyo story ya mchumba.

MtuWaBanda:
Mpelelezi hilo la farasi kuachwa ni kweli kabisa, ndo desturi yao. Kondoo pia wanafanywa hivyo, Septemba nzima ni kuwashusha. Ila swali la mchumba ni zuri, dada ajibu.

BintiKihesa:
Mchango sijaomba na sitaomba. Nimejiunga jana kwa sababu jana ndo nimepata ujasiri.

Unauliza kwa nini sijamuuliza yeye. Nilijaribu. Wiki mbili zilizopita nilimwambia, hivi magoti yanapata baridi sana ukiwa juu ya farasi? Akacheka akasema magoti? Kwa nini magoti? Nikabadilisha mada. Kila swali ninalotaka kumuuliza linaishia hapo. Nikiuliza maji, atauliza kwa nini. Nikiuliza hospitali ipo wapi atauliza kwa nini. Nikanunua vitu kimya nikaweka kwa rafiki yangu. Ndo nikaja kwenu, kwa watu ambao hawanijui, na kwa Kiswahili, yeye hakisomi.

Nimeisoma hii niliyoandika mwenyewe nimekaa nayo kwanza.

Mpelelezi_Temeke:
Samahani dada. Naondoa neno langu.

SaraMbeya:
Basi mpigie leo.

MamaPacha:
Mwanangu mimi sikukatazi, daktari wako ndo wa kusema, na kesho asubuhi umpigie umweleze ni masaa mangapi na baridi gani. Ila ujue nguo ni nusu tu. Kwenye baridi kiu haiji na mwili unakauka bila wewe kujua, damu inakuwa nzito. Chukua chupa ya kuhifadhi joto ndogo ya kufunga kiunoni, maji ya vuguvugu, kunywa kila mnaposimama hata kama hutaki. Na nasikia kwenye sherehe kama hizo kuna chupa ya pombe inazungushwa mkono kwa mkono, wewe ipokee umpe wa pembeni. Vifuko vya joto weka juu ya taiti, usiweke kwenye ngozi. Nguo kavu seti nzima iwe kwenye gari. Ukishuka ni kubadilisha kwanza kabla ya kusalimia mtu. Na mtu mmoja ajue dawa zako zipo mfuko gani.

MzeeMakete:
Na awe ameambiwa kwa jina la ugonjwa, binti yangu. Upungufu wa damu hata mimi ninao.

BintiKihesa: (siku mbili baadaye)
Wakuu nimerudi. Nilimwambia jana usiku. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Hakuwa na hasira kwa ugonjwa, alikasirika kuhusu zile mara mbili nilizomwambia nina mafua kumbe nilikuwa kitandani na maumivu. Tumeongea hadi saa nane. Leo asubuhi mama yake kapiga mwenyewe, kauliza maswali mengi kuliko daktari. Akasema kuna gari linalofuata njia ya chini na vyakula, nipande humo, na farasi wangu mpole ataletwa nimpande kipande cha mwisho, kama dakika 40 hivi, tukiwa tunaingia bondeni kwenye zizi. Kama kuna upepo mkali nibaki garini. Daktari wangu kakubali hiyo, ile ya masaa manne alikataa.

Nimelia kidogo, sitadanganya, nilitaka njia yote. Ila dakika 40 ni zangu.

Hospitali kubwa ipo Akureyri, kama kilomita 100 na ushee, mchumba kaiandika namba. Helmeti naazimwa, glavu mpya nimeagiza, buti nimeosha na dawa. Limebaki swali moja la mwisho na hili ni la kina dada. Nina rasta ndefu nene, helmeti haiingii. Namba yangu ni 56, nikichukua 58 inaingia. Niombe ipi?

MtuWaBanda:
Usichukue 58. Siku utakayokuwa na nywele zimelala itacheza kichwani na ukianguka haikusaidii kitu. Helmeti inapimwa kwa kichwa, si kwa nywele.

SaraMbeya:
Fumua dada. Suka twende kilioni, mistari sita ya kurudi nyuma, mwisho fundo dogo shingoni chini ya helmeti. Juu yake kofia nyembamba ya sufu inayoziba masikio.

BintiKihesa:
Kwa mama mkwe niende na twende kilioni?

SaraMbeya:
Hakijui hicho Kiswahili. Mwambie inaitwa twende zizini.