Mahafali ya chekechea Ijumaa, mtoto anasema hapandi jukwaani, nifanyeje?

Mama Wa Kwanza: Habari zenu wadau. Binti yangu wa miaka 6 anamaliza chekechea Ijumaa hii, joho tumelijaribisha nyumbani akafurahi mpaka akagoma kulivua, sasa juzi kwenye mazoezi zamu yake ya shairi ilipofika akaganda, kichwa chini, anasokota ncha ya sketi tu, na toka siku hiyo anasema hapandi jukwaani. Ana mistari 4 na nyumbani anaimwaga yote akiwa anaoga! Huyu ndo mtoto wangu wa kwanza, sijawahi kwenda mahafali ya watoto, naogopa akilia na mimi nitalia. Nikae mbele au nijifiche asinione? Baba yake anataka kurekodi mwanzo mwisho.

Ticha wa Wadogo: Usijifiche mama. Watoto wa umri huo wakiona umati kitu cha kwanza ni kutafuta sura wanayoijua, nawaona kila mwaka, macho yanapita mstari kwa mstari mpaka yampate mama ndo mabega yanashuka, akikukosa ndo kilio kinaanza. Mwambie mapema utakaa upande gani na utavaa nguo gani, na ukifika mapema muoneshe kabisa kiti chako. Muombe mwalimu wake amruhusu binti asimame na mwenzie aliyemzoea waseme pamoja. Halafu mzoeshe na kofia, si joho peke yake, maana ule mpira unabana kidevu na mtoto anabaki kuushikashika badala ya kusema shairi. Chooni aende kabla hajavaa joho, hilo wazazi wengi wanalisahau.

Baba Mapacha: Mwambie mumeo aiweke simu chini binti akipanda. Mimi nilirekodi shughuli nzima, na kwenye video naona kabisa sekunde ile mwanangu ananitafuta, ananiona, anapunga mkono kidogo, mimi sikumpungia maana mikono yote iko kwenye simu, akaushusha wake. Naumia mpaka leo nikiiona. Kuna mtafiti wa Marekani, Linda Henkel, alichapisha utafiti mwaka 2014, watu walitembezwa makumbusho na vitu walivyovipiga picha hawakuvikumbuka vizuri kama vile walivyovitazama tu kwa macho. Mpeni ndugu mmoja kazi ya kurekodi, picha za joho pigeni asubuhi kabla ya shughuli.

Bibi Mlezi: Yote sawa ila mimi naongeza, asipopanda asilazimishwe wala asiambiwe "ona wenzako". Mjukuu wangu alikaa mapajani kwangu muda wote na joho lake, cheti akaletewa pale pale na mwalimu akapiga naye magoti wakaongea. Kamaliza chekechea kama wengine.

Mama Wa Kwanza: Mrejesho! Amepanda. Mwalimu alikubali asimame na rafiki yake wameshikana mikono, akasema mistari 2 akanyamaza, akanitafuta, nilikaa kushoto na kitenge cha njano kama nilivyomwambia, baba yake akampungia mikono yote miwili, akamalizia wa 3 na wa 4 kwa haraka sana hata sauti haikusikika vizuri halafu akateremka mbio mpaka kwangu kofia mkononi. Nimelia jamani, sana, na yeye ananifuta machozi kwa mkono wa joho. Video aliyochukua shangazi yake ni ya sekunde 20 na nusu yake ni kichwa cha mtu wa mbele, tumeshaiangalia sijui mara ngapi. Asanteni mno.