Nimeandika ASHA kwa fataki ufukweni Bagamoyo, limetoka doa jeupe. Nimekosea wapi?

FundiPicha_Dunda
Wakuu, habari za jioni. Juzi usiku nilikwenda na mpwa wangu ufukweni, upande wa soko la samaki, maji yamekupwa. Ana sendofu, anataka kadi yenye jina lake la moto. Tukachukua fataki zile za waya za kushika mkononi, boksi mbili. Kamera Canon 1200D, lenzi yake ya 18-55. Niliweka shata (pazia la kamera) wazi sekunde 30, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 800, tundu la lenzi f/3.5. Nikajiambia usiku huu, bora nifungue kila kitu.

Herufi zimevimba kama maandazi, anga limekuwa la chungwa, na jina linasomeka AHSA, tena S yenyewe imegeuka. Stendi nayo ilikuwa inadidimia kwenye mchanga mbichi. Boksi moja limeisha hivyo, mpwa kanuna. Nisaidieni kabla sijawasha la pili.

MtotoWaChumbageni
Mkuu, giza limekudanganya. Fataki ni taa inayotembea, inapita mahali mara moja na kwenda zake. Ukiacha shata wazi sekunde 10 au 40, mstari ni uleule. Kinachounenepesha ni ISO, tundu la lenzi na mkono unaokwenda taratibu. Sekunde nyingi zimekuvutia taa za mtaani tu, ndiyo hilo chungwa lako. Shuka ISO 100, funga tundu mpaka f/11 (namba ikikua, tundu linabana). Hapo umepunguza mwanga karibu mara 80, na cheche bado zitaonekana. Kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), zungusha muda upite 30 utakuta BULB, shata inabaki wazi mpaka uachie. Tumia rimoti, kidole kinatikisa.

Fokasi: mpwa awashe tochi ya simu pale atakaposimama, ukiipata weka MF (fokasi ya mkono), usiguse tena. Na tochi hiyohiyo fanyieni mazoezi, haina gharama. Mchoraji Picasso mwaka 1949 alichora hewani kwa taa ndogo tu, mpigapicha Gjon Mili akiwa na kamera.

PwaniYaKaole
Hiyo S: mpwa anakutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Aanzie kulia kwake, kila herufi aigeuze. Au aandike kawaida, ugeuze picha baadaye, ila na maandishi ya kwenye mashua za nyuma yatageuka. Mimi nilishaaibika hivyo, mteja akaniuliza chombo hicho cha nchi gani. Akihama herufi, ziba lenzi kwa kofia nyeusi bila kuigusa. Stendi ikanyage kandambili kuukuu, kila mguu yake.

MamaWaMikoko
Nyie mnahesabu ISO, mimi nauliza mtoto alivaa nini. Avae pamba, mtandio wa nailoni abaki nao nyumbani. Cheche ikizimika waya bado ni moto, msiutupe mchangani watu wanatembea pekupeku. Ndoo ya maji iwe karibu, makuti na mashua viwe mbali. Na simameni upepo ukitoka ubavuni, moshi usije kwenye kamera.

FundiPicha_Dunda
Nimerudi jana. ISO 100, f/11, sekunde 22. Kandambili tatu chini ya stendi, moja ya bibi harusi mwenyewe, kasimama mguu mmoja peku. S imekaa sawa. A ya mwisho ina mkia, fataki ilikuwa inakata roho. Nilitaka kurudia, mwenyewe kakataa, eti mkia ndio mzuri. Kadi inakwenda hivyohivyo.