Wakuu, maandamano ya amani yanahitaji kibali au taarifa inatosha? OCD (mkuu wa polisi wilaya) katuchanganya

binti_mtaroni

Habari za jioni wanajukwaa, naomba msaada hasa kwa wenye uelewa wa sheria. Mtaani kwetu (sitaji wapi, mtanielewa) kuna mtaro umebomoka tangu masika ya mwaka jana, mvua ikinyesha maji machafu yanaingia ndani mpaka chini ya kitanda, tumeenda serikali ya mtaa, tukaenda kata, kote jibu ni bajeti bajeti bajeti. Sasa tukakaa kikao tukakubaliana siku moja asubuhi tutembee na mabango hadi ofisi za halmashauri, kina mama, wazee, vijana wa bodaboda, hakuna chama hakuna bendera, tumkabidhi mkurugenzi barua yetu turudi nyumbani tukapike. Mzee mmoja akapeleka barua polisi, alipofuatilia akajibiwa kwa mdomo tu "hamjapewa kibali" na eti wote waliosaini waripoti kituoni. Karatasi hajapewa yoyote.

Na siku hiyohiyo mwenyekiti akaingia kwenye grupu letu la WhatsApp akasema waliorusha video za mtaro wafute mara moja, ni uchochezi. Video ya mtaro jamani, mle ndani kuna bata tu wanaogelea.

Naomba kujua, hicho kibali kinatolewa na nani na kwa sheria ipi? Na admini wa grupu (ambaye ni mimi, ndo maana silali) naweza kushtakiwa kwa video ya maji machafu?

---

Kamanda_wa_Kahawa

Dada angu nunueni mifuko ya simenti mjenge huo mtaro wenyewe, itawatoka hela kidogo kuliko dhamana 😂

---

wakili_bila_joho

Achana na huyo wa kahawa. Nakujibu kwa urefu maana hili swali linarudi kila mwaka na kila mwaka watu wanadanganyana.

Sheria inayohusika hapa Tanzania ni ile ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43. Kinasema hivi kwa Kiswahili cha mtaani: ukitaka kufanya mkusanyiko au maandamano sehemu ya umma unapeleka taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo husika, isipungue masaa 48 kabla, unasema mahali, muda na dhumuni. Ukishapeleka unaruhusiwa kuendelea na shughuli yako MPAKA utakapopokea amri ya kukuzuia. Yani polisi wakikaa kimya wewe unatembea, hausubiri mtu akupe ruhusa. Na hiyo amri yenyewe hawaitoi kwa kujisikia, ofisa anatakiwa aridhike kwamba kuna uwezekano wa kuvunjika amani, au usalama wa watu kuwa hatarini, au mkusanyiko kutumika kwa jambo lisilo halali. Usiporidhika unakata rufaa kwa waziri, na hapo ndo pana kichekesho, maana uamuzi wa waziri kwa mujibu wa kifungu hichohicho ndo wa mwisho.

Hili neno kibali linatoka enzi za nyuma. Zamani kweli ilikuwa lazima upewe kibali. Mchungaji Christopher Mtikila ndo aliyeenda Mahakama Kuu Dodoma kupinga, kesi ya mwaka 1993, na Jaji Kahwa Lugakingira mwaka 1994 akasema sharti la kibali linakwenda kinyume na ibara ya 20 ya Katiba, kwa sababu haki yako ya kukusanyika inageuka kuwa kitu anachokupa ofisa akiamka vizuri. Baada ya hapo ndo sheria ikahamia kwenye mtindo wa taarifa. Mtikila alikuwa na maneno yake mengi ambayo binafsi siyakubali hata kidogo, lakini kwa hili kila mtu anayefanya mkutano wa hadhara nchi hii anakula jasho la yule mzee, hata waliokuwa wakimcheka.

Kwahiyo afisa aliyesema "hamjapewa kibali" ametumia sheria iliyokufa miaka thelathini iliyopita.

---

Mzee_wa_Data

Wakili umeeleza vizuri sana ila huyo dada akitoka hapa na kifungu cha 43 mkononi akaenda barabarani atakuta sheria nyingine kabisa, ile isiyoandikwa.

Mimi nakumbuka 2016. Mikutano ya hadhara ya vyama ilipigwa marufuku nchi nzima kwa tamko, hakuna bunge lililokaa likapitisha sheria, ni kauli tu zikatoka juu, eti siasa mpaka 2020, na 2020 ilipofika mambo yakaendelea vilevile mpaka Januari 2023 Rais Samia aliposema sasa ruksa. Kama tamko linaweza kuzuia na tamko linaweza kuruhusu, hicho kifungu kilikuwa wapi kwa miaka yote hiyo? Kilikuwa kwenye kabati.

Halafu angalia 2024. Januari 24 Chadema waliandamana Dar mpaka ofisi za Umoja wa Mataifa, polisi wakawasindikiza, magari yakapishwa, hakuna aliyevunjika hata kucha, watu tukapiga picha tukasema nchi imebadilika. Septemba 23 mwaka huohuo chama kilekile, mji uleule, sheria ileile, wakazuiwa na viongozi wakabebwa kina Mbowe na Lissu. Kilichobadilika ni mada tu. Januari walikuwa wanalalamikia miswada ya uchaguzi, Septemba walikuwa wanauliza watu wanaotekwa wako wapi, ni wiki chache tu baada ya mzee Ali Kibao kushushwa kwenye basi na kukutwa ameuawa.

Na msisahau Akwilina. Februari 2018, mwanafunzi wa chuo cha usafirishaji NIT, wala hakuwa anaandamana, yuko kwenye daladala Kinondoni risasi ikamkuta. Waliopelekwa mahakamani wakahukumiwa ni viongozi wa chama kilichoandamana, hukumu ikaja kutenguliwa na Mahakama Kuu 2021. Aliyefyatua hatujawahi kumwona kizimbani.

---

Njoro_wa_Githurai

Majirani salamu. Huku Kenya tuko na ibara ya 37 ya Katiba ya 2010, ile ya haki ya kuandamana, na nyinyi huwa mnatusifu sana juu ya hio, lakini wacha niwaambie penye sisi tumefika.

Public Order Act yetu ni kuandikia polisi notisi siku tatu mpaka kumi na nne kabla. Polisi akipata notisi kitu anaweza kukwambia ni kwamba kuna wengine washaandikisha mahali hapo na saa hiyo. Hakuna kuomba. Hio ni ya karatasi. Julai 2024 baada ya ile mambo ya Finance Bill (mswada wa kodi) na vijana kuingia Bunge, kaimu Inspekta Jenerali alitangaza hakuna maandamano katikati ya jiji la Nairobi mpaka atakaposema, na sababu aliyotoa ni eti maandamano hayana viongozi. Korti ikasimamisha hio amri mara moja. Sasa kujua korti iko upande wako ni kitu kimoja, na kukutana na lori la maji pale Kenyatta Avenue ni kitu ingine. Juni 25, 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru stesheni ziache kuonyesha maandamano mubashara, mitambo ya NTV na KTN ikazimwa, korti ikasimamisha tena. Ni kama kila amri mbaya inaishi tu ile siku moja wanaihitaji, korti ikiamka kesho watu wameshazikwa.

Kuhusu video ya mtaro, huku kuna msichana alikamatwa Mei 2025 kwa kutengeneza tovuti ya kusaidia wananchi kutuma barua pepe kwa kamati ya Bunge kupinga Finance Bill. Barua pepe! Alilala seli wikendi mzima ya Madaraka. Hakimu akaja akasema hata hakuna kosa kwa ile karatasi ya mashtaka. Kwa hivyo dada usiseme haiwezekani, lakini pia ujue haikusimama.

---

Shangazi_Kinondoni

Mimi nasema ukweli wangu mnipopoe. Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi, iliniogopesha. Kigenge changu kilifungwa siku sijui ngapi, intaneti hamna, saa kumi na mbili jioni lazima uwe ndani, kijana wa jirani alitoka hajarudi hadi leo. Kwahiyo nikisikia neno maandamano moyo unaruka. Serikali inasema inalinda amani, na mimi hiyo amani naitaka kweli, nina wajukuu. Mtaro andikeni barua, pelekeni kwa diwani, pelekeni redioni. Kutembea barabarani kwa sasa hapana.

---

Mzee_wa_Data

Shangazi hakuna wa kukupopoa, hofu yako tunayo wote. Ila angalia barua umeshaikuta humu, binti kaandika barua na waliosaini wameitwa kituoni. Sasa barua ipi tena?

---

mtu_wa_kampala

Niko Uganda huku naendesha biashara ya vitenge, naongezea kidogo. Hapa mahakama ya katiba 2008 ilifuta kifungu cha sheria ya polisi kilichokuwa kinawapa mamlaka ya kukataza mikusanyiko. Watu wakashangilia. Mwaka 2013 bunge likapitisha sheria mpya ya kusimamia mikusanyiko inaitwa POMA, yale yale yaliyofutwa yakarudi kupitia kifungu cha 8. Machi 2020 mahakama ikafuta na hicho. Na mpaka leo ukijaribu kuandamana kwenda Bunge Kampala utakuta pikapiki ya polisi inakusubiri hata hujafika geti. Kwahiyo wakili tunakushukuru kwa kifungu lakini vifungu huku tunavishinda kila siku, barabara ndo hatujaishinda.

---

wakili_bila_joho

Nimewasoma wote. Sijabisha kwamba sheria inakanyagwa. Ila kuna kitu nataka mkione ambacho naona kinapita juu juu.

Kifungu cha 43 kinataka taarifa, na taarifa inataka mwenye nayo. Jina, sahihi, namba ya simu. Kipindi ambacho watu hawatoweki hilo ni jambo la kawaida kabisa, trafiki wajue wafunge barabara gani. Lakini kipindi ambacho mtu aliyesaini anaambiwa aripoti kituoni, ile fomu ya taarifa inakuwa orodha ya wa kukamatwa. Watu wenye akili hawasaini. Wasiposaini wanajikusanya mitandaoni bila kiongozi, na hapo polisi wanasema kama walivyosema kabla ya maandamano yaliyopangwa Desemba 9, 2025, kwamba hakuna aliyewasilisha taarifa kwahiyo ni batili. Na Njoro katuambia Kenya sababu ilikuwa hiyohiyo, hayana viongozi. Ukijitaja unakamatwa, usipojitaja umevunja sheria. Mimi hilo naliona ni baya kuliko marufuku ya wazi, maana marufuku ya wazi unaweza kuipeleka mbele ya jaji ukamwonyesha karatasi. Simu ya "njooni kituoni" utamwonyesha nini?

Ndo maana binti_mtaroni jambo la kwanza kabisa nakwambia: karatasi. Kila kitu kiwe karatasi.

Sasa la grupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kifungu cha 16 ndo wanachopenda kutishia nacho, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote. Lakini kinahusu anayechapisha taarifa akijua ni ya uongo au ya kupotosha. Bata wapo mtaroni au hawapo? Wapo. Ibaki na tarehe, mahali, asiongezwe mtu chumvi, asitukanwe mwenyekiti wala mke wake. Huko kwenye matusi ndo watu wanakamatiwa kirahisi, mtu ana hoja nzuri ya maji anamalizia na tusi la mama, hoja inakufa. Na uchochezi wa mwenyekiti, Mahakama ya Afrika Mashariki pale Arusha Machi 2019 ilishasema vifungu vya uchochezi vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Sijui mwenyekiti kausoma wapi wake.

---

binti_mtaroni

Asanteni mno, nimewasomea mama na mzee wetu aliyepeleka barua, kasikiliza mpaka mwisho. Amesema ataenda kituoni kama walivyomuita kwasababu hana la kuficha. Naogopa. Na je wakikataa kutoa hiyo amri kwa maandishi?

---

wakili_bila_joho

Asiende peke yake, hilo la kwanza. Aende na mtu wa sheria, kama hamna hela kuna wasaidizi wa kisheria wamesajiliwa karibu kila wilaya, sheria yao ni ya 2017, na LHRC (Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu) wanapokea watu bure. Atoke nyumbani asubuhi sio jioni, na sio Ijumaa, Ijumaa mtu analala mpaka Jumatatu. Watu watatu wajue ameingia saa ngapi.

Barua ya taarifa irudiwe, nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea mrudi nayo. Wakigoma kugonga itumeni kwa EMS, risiti ya posta inaonyesha siku. Andikeni na barua fupi ya kuuliza: je kuna amri ya kuzuia chini ya kifungu cha 43, kama ipo tunaomba nakala na sababu zake. Nakala kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani.

Na sahihi zisiwe tatu. Msaini mtaa mzima, kaya kwa kaya, na namba za nyumba.

---

Shangazi_Kinondoni

Hapo kwa kusaini wengi nimekuelewa. Binti mkianza kupitisha hiyo karatasi tuambie mmefikia wapi. Na huyo mzee apelekewe dawa zake za presha kabisa, wasimkute bila.

---

Kamanda_wa_Kahawa

Natoa mifuko miwili ya simenti, sitanii. Sahihi sitoi.