Kuwafundisha Waturuki "can", "may" na "must": ukanushi unaangukia wapi?

Mwalimu wa Eskişehir aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa yeyote aliyewahi kuishi Uturuki au anayekijua Kituruki vizuri. Ninafundisha Kiingereza majumbani hapa Eskişehir, na kwa muda sasa wanafunzi wangu, wote watu wazima, wamekwama kwenye vitenzi visaidizi vya "can", "could", "may", "must" na "should". Makosa ya umbo hayanitishi. Anayesema "I must to go" namsahihisha, na baada ya wiki chache anaacha. Hata sisi tulipokuwa shuleni, "naweza kwenda" ilitusukuma kusema "can to go". Kinachonisumbua ni maana.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja, mama mpole na mwenye adabu sana, aliniandikia kwenye simu: "Teacher, you must not come on Friday." Niliusoma ujumbe ule mara nyingi nikijiuliza nimemkosea nini hata anipige marufuku nyumbani kwake. Kumbe siku hiyo alikuwa na wageni, na alichotaka kuniambia ni kwamba nisijisumbue, si lazima nije. Nimemweleza tofauti hiyo mara tatu, lakini juzi ameandika tena "You must not bring the book", akimaanisha kwamba kitabu anacho yeye. Wengine husema "He can be sick" kwa mtu ambaye huenda anaumwa leo, au "Yesterday I could catch the bus" wakimaanisha kwamba walifanikiwa kulipata basi. Je, haya yanatoka kwenye Kituruki chenyewe, au mimi ndiye ninayefundisha vibaya? Na nianzie wapi kuyarekebisha?

Aliyesoma Ankara alijibu:

Mwalimu, pole kwa ujumbe ule wa Ijumaa. Nilisoma Ankara, na mwaka wa kwanza wote nilikuwa najifunza Kituruki tu kabla ya kuingia darasani, kwa hiyo mambo haya niliyapitia kutoka upande wa pili.

Kwanza, usidhani kwamba Kituruki kinakosa tofauti unayoitafuta. "Gelmemelisiniz" maana yake ni kwamba hupaswi kuja, na "gelmek zorunda değilsiniz" maana yake ni kwamba si lazima uje, na mama huyo hawezi kuyachanganya hayo mawili hata akiwa usingizini. Ninavyoona, alifundishwa zamani kwamba "must" ni sawa na "zorunda", akakariri hivyo, na alipotaka kukanusha akaiweka "not" baada ya "must" kama vile "değil" inavyokaa baada ya "zorunda". Mpangilio unafanana kabisa, lakini kazi ni tofauti, kwa sababu "değil" inauondoa ule ulazima wenyewe, ilhali "not" ya Kiingereza inauacha ulazima ukiwa mzima na kukikanusha kitendo. Kwa Kiswahili tungesema kwamba alitaka "si lazima uje" akaishia kusema "lazima usije". Hapo lugha yetu inakusaidia sana, tena neno lenyewe ni ndugu: "lazima" yetu na "lazım" yao zote zimetoka Kiarabu.

Kwa hiyo ningekushauri uache kufundisha "must not" kama ukanushi wa "must". Ifundishe kama neno linalojitegemea, la kukataza, lenye jozi yake ya Kituruki: "gelmemelisiniz" iende na "you must not come", na "gelmek zorunda değilsiniz" iende na "you don't have to come". Waandike jozi hizo mbili ukurasa mmoja, na waanze kila mara kwa sentensi ya Kituruki nzima, wala wasianze na neno mojamoja.

Kuhusu "He can be sick", chanzo ni kiambishi "-ebil", au "-abil" kufuatana na irabu zinazotangulia. Kimetokana na kitenzi "bilmek", yaani kujua, na kinabeba uwezo, ruhusa na uwezekano kwa pamoja: "yüzebilirim" ni naweza kuogelea, "girebilir miyim" ni naweza kuingia, na "hasta olabilir" ni huenda anaumwa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba "-ebil" ni "can" ataitumia kote. Waambie wajaribu kutanguliza "belki", yaani labda. Sentensi ikiipokea "belki" bila kubadilika maana, wachukue "may" au "might". Mtu anayesema "Ankara çok soğuk olabilir" kwa maana kwamba baridi ya Ankara huwa kali nyakati fulani hahitaji "belki", na hapo "Ankara can be very cold" ni sahihi. Lakini akiwa anazungumzia kesho, "belki" inaingia vizuri, na Kiingereza chake ni "It may be very cold tomorrow".

Katika kukanusha, Kituruki kina nafasi mbili zilizo wazi kuliko Kiingereza: "gelemem" ni siwezi kuja, na "gelmeyebilirim" ni naweza nisije. Ya kwanza ni "I can't come", ya pili ni "I may not come". Wanaijua tofauti hii tangu utotoni, kwa hiyo wewe wapatie tu majina yake ya Kiingereza.

Mwalimu wa Mombasa alijibu:

Naongeza mawili. La basi nalo limo ndani ya Kituruki: "yetişebildim" ni nilifanikiwa kuliwahi, na "yetişebilirdim" ni ningeweza kuliwahi. Ya kwanza iwe "I was able to catch" au "I managed to catch", na ya pili "I could have caught". Katika kukanusha wasihangaike, kwa kuwa "I couldn't catch the bus" inatosha kwa "yetişemedim".

La pili ni kwamba Kituruki kinaruhusu kurundika. "Gelemeyebilirim" ni neno moja, na ndani yake mna huenda nisiweze kuja. Kiingereza sanifu hakiruhusu vitenzi hivi viwili kufuatana, ndiyo maana utasikia "I may can't come", na kwa "gelebileceğim" utasikia "I will can come". Kitenzi cha pili kigeuzwe kuwa "be able to": "I may not be able to come", "I will be able to come".

Msomaji wa Dodoma alijibu:

Nakubaliana na waliotangulia, isipokuwa nisingependa "-meli", kile kiambishi kilichomo ndani ya "gelmemelisiniz", iachwe ielekee "must" peke yake. "Doktora gitmelisin" mara nyingi ni ushauri wa mtu anayekujali, na Kiingereza chake cha kawaida ni "You should see a doctor". Mwanafunzi akizoea "must" kila mahali, atamwamrisha mkubwa wake kazini bila kukusudia, na kwa mtu mpole kama huyo mama ingesikitisha. "Zorunda" ndiyo inayobeba shuruti ya nje, na hiyo iende na "have to".

Mwalimu wa Eskişehir alirudi:

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Jana nilimwekea mama yule karatasi yenye jozi mbili za Kituruki, nikamwomba azisome kwa sauti kabla ya kugusa Kiingereza. Alipofika "gelmemelisiniz" alinyamaza, akashika mdomo, kisha akaniuliza polepole kama ndivyo alivyoniandikia siku ile. Niliitikia. Aliinuka akanimiminia chai upya, na tangu hapo hakukosea hata sentensi moja.

Nimebakiwa na swali moja. "Evde olmalı", yaani lazima yuko nyumbani kwa jinsi ninavyokisia, wanaitafsiri vizuri, "He must be at home". Je, kinyume chake kiwe "He must not be at home"?

Aliyesoma Ankara alijibu:

Wapo Waingereza na Wamarekani wanaosema hivyo, ila kwa wanafunzi wako chukua "He can't be at home". Kituruki chao tayari kinasema "evde olamaz", kwa kiambishi kilekile cha "gelemem". Mara hii wakitafsiri kipande kwa kipande watapatia.