CaCO₃ inagawanywa kuwa ioni au inabaki nzima?

Kidato cha Nne: Shikamoo walimu. Mlinganyo wa ioni wa marumaru (CaCO₃) na asidi haidrokloriki (HCl): kitini kimoja kinaandika CO₃²⁻ + 2H⁺ → H₂O + CO₂, kingine kinaacha CaCO₃ nzima. Nishike kipi?

Mwalimu wa Kemia: Marahaba. Kwanza mlinganyo kamili: CaCO₃(s) + 2HCl(aq) → CaCl₂(aq) + H₂O(l) + CO₂(g). Marumaru haiyeyuki majini, basi usiipasue:

CaCO₃(s) + 2H⁺(aq) → Ca²⁺(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Ioni mtazamaji, yaani isiyobadilika na hivyo inafutwa pande zote mbili, ni Cl⁻ tu. Hicho kitini cha kwanza kinafaa kwa myeyusho wa Na₂CO₃; hapo Na⁺ pia inafutwa. Tafadhali usisahau kuandika alama za hali, yaani (s) yabisi, (l) kimiminika, (g) gesi na (aq) iliyoyeyuka majini; ndizo zinazokuamulia kipi kigawanywe.

Mpwani: Na siki je? Nimeidondoshea ganda la chaza, viputo vinatoka polepole.

Mwalimu wa Kemia: Ganda nalo ni CaCO₃. Asidi ya siki, CH₃COOH, ni dhaifu, molekuli nyingi hazijagawanyika kuwa ioni. Iandike nzima:

CaCO₃(s) + 2CH₃COOH(aq) → Ca²⁺(aq) + 2CH₃COO⁻(aq) + H₂O(l) + CO₂(g)

Watazamaji hakuna kabisa, naupenda sana mlinganyo huu!

Kidato cha Nne: Na asidi salfuriki?

Mwalimu wa Kemia: Viputo vitafifia mapema. CaSO₄ inayotokea huyeyuka kidogo mno, inalifunika jiwe.