Eti Mpanzu ni wa ndondo! Huyu mchambuzi wa jioni sasa amezidi

KIUNGO PUNDA (mleta mada):

Wakuu, simtaji jina, mnamjua. Yule wa kipindi cha jioni, wa miwani ya jua ndani ya studio isiyo hata na dirisha. Leo msikilizaji kampigia akamuuliza kuhusu Pelly-Ruddock Mpanzu, kiungo wa zamani wa Luton. Hakujibu. Alicheka kwanza! Kicheko kirefu, ungeweza kupiga kona tatu na kipa akarudi golini bado anacheka. Ndipo akasema: "Si yule wa ndondo huko Cambridge?"

Ndondo, yaani mpira wa kombe la mtaani!

Mpanzu amecheza ngazi tano za mpira wa Uingereza akiwa na klabu ileile, Luton Town, kuanzia daraja la tano mpaka Premier League. Ndiye wa kwanza kufanya hivyo. Halafu mtu aliyekalia kiti cha kuzunguka anamwita wa ndondo.

Luton walikatwa pointi 30 msimu wa 2008/09, wakadondoka nje ya Football League mpaka daraja la tano, wakasota huko misimu mitano. Mpanzu katoka West Ham mwaka 2013 akawakuta hukohuko. Msimu ule wakabeba ubingwa kwa pointi 101. Na msidhani walizidisha kwa sifa: kule bingwa peke yake ndiye anayepanda moja kwa moja, tiketi ya pili inagombewa kwenye mchujo. Unaweza kumaliza wa pili na pointi 90 ukabaki palepale. Mwaka 2018 wakatoka League Two (daraja la nne) wakiwa wa pili nyuma ya Accrington. Mwaka 2019 wakachukua League One (daraja la tatu) kwa pointi 94. Tarehe 27 Mei 2023, Wembley, fainali ya mchujo wa Championship (daraja la pili) na Coventry, 1-1, penalti 6-5, Luton wako Premier League. Mpanzu alianza mechi ile. Alianza! Ndondo gani inachezewa Wembley?

Na jamaa akacheka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hajui hata kazi anayoicheka. Luton iliyopanda mara mbili mfululizo, ya kocha Nathan Jones kisha Mick Harford aliyemalizia msimu wa pili, ilicheza almasi, yaani viungo wanne wamepangwa kwa umbo la almasi, na almasi haina mawinga. Upana wote unatoka kwa mabeki wa pembeni. Msimu wa League One, Jack Stacey kulia na James Justin kushoto walikuwa wanapanda mpaka kwenye kibendera cha kona. Nyuma anabaki Glen Rea mbele ya mabeki wawili wa kati. Sasa yule kiungo wa kulia wa almasi, ambaye ni Mpanzu, afanye nini? Tukiwa na mpira aingie boksi. Stacey akipanda, azibe mgongo wake. Mpira ukipotea upande wa kushoto, akimbie kuja katikati ili Rea asiachwe na watu wawili. Akichelewa hatua tatu tu, winga wa wapinzani anapokea akiwa huru, beki wa kati analazimika kumfuata, katikati ya goli panabaki wazi, bao. Halafu huyu wa miwani anatuambia "beki amelala". Beki hajalala! Beki ametolewa mahali pake!

Hiyo ni mechi 46 za ligi. Ongeza makombe: Carabao Cup kuanzia Agosti, FA Cup kuanzia raundi ya kwanza mwezi Novemba, na EFL Trophy. Jumamosi, Jumanne, Jumamosi. Alicheka, wakuu. Alicheka redioni.

BABU OFFSIDE:

Mleta mada, kunywa maji. Mpanzu mwenyewe saa hizi amelala zake, wewe unatetemeka kwenye kibodi. Na ungemalizia stori yote: Premier League walimaliza nafasi ya 18 na pointi 26, wakashuka. 2025 wakashuka tena mpaka League One. Yeye Januari 2025 akatolewa kwa mkopo Rotherham, kiangazi akaenda Cambridge, League Two. Mchambuzi kakosea neno, lakini daraja ni la nne.

KIUNGO PUNDA:

Babu, daraja la nne ni ligi ya kulipwa yenye timu 24. Ndondo ni kombe la mtaani. Hivyo ni vitu viwili. Na wewe ungekisikia kile kicheko usingeandika hivi.

NAMBA NANE WA ILALA:

Babu Offside hajawahi kuitazama League Two dakika 90. Kule kipa anapiga mpira mrefu, straika na beki wanaruka, hakuna anayeumiliki. Mpira unaodondoka pale ndio mechi yenyewe, wanauita mpira wa pili. Kiungo asimame mita nane mpaka kumi nyuma ya straika wake, mwili umegeuka nusu, ajue atampa nani kabla haujatua. Akisogea karibu mno unampita kichwani. Akibaki mbali, kiungo wa wapinzani anaufikia kwanza na mabeki wetu wanaanza kurudi mbio. Viungo wengi wenye pasi nzuri wanafia hapo, maana wanaungoja mguuni. Januari uwanja umelowa, mpira unakwama au unateleza, ukigusa mara tatu umepigwa.

Ndiyo maana klabu za juu zinapeleka vijana huko na League One. Jack Grealish alikopeshwa Notts County msimu wa 2013/14. Eberechi Eze alikwenda Wycombe. Dele Alli alikulia MK Dons na alikuwepo siku walipoifunga Manchester United 4-0, Agosti 2014.

KISAUNI DAMU:

Hapa Kenya twasema hivi: nyinyi mwalia na Mpanzu, na yetu je? Clarke Oduor, mzaliwa wa Siaya. Tarehe 22 Julai 2020, siku ya mwisho ya Championship, Barnsley wako Brentford, wakitoka sare washuka. Dakika ya 91, Oduor akafunga, 2-1. Barnsley wakabaki. Brentford wakakosa kupanda moja kwa moja na West Brom alikuwa ametoka sare tu na QPR! Bao moja limeokoa timu nzima, na wachambuzi wetu hawakuligusa hata dakika tano. Walikuwa wakizungumza nani kanunuliwa viatu gani. Sasa nani kadharauliwa zaidi?

KIUNGO PUNDA:

Kaka wa Kisauni, siku hiyohiyo Luton waliifunga Blackburn 3-2 wakajiokoa pia. Mpanzu yuleyule. Tusitoke kwenye mada.

KISAUNI DAMU:

Mada ni dharau, ndugu yangu. Hatujatoka.

MAMA WA MKATABA:

Mnaongelea uwanja tu. Mchezaji wa ligi hizi anaumizwa na karatasi. Mikataba mingi inaisha 30 Juni. Msimu wa ligi unakwisha mwanzoni mwa Mei, na ndani ya siku chache klabu inatoa orodha: hawa wanabaki, hawa tunazungumza nao, hawa kwaheri. Kiungo wa miaka 30 mwenye mkataba wa mwaka mmoja akiumia goti mwezi Machi, orodha inatoka akiwa bado kwenye magongo. Hakuna klabu inayomsaini mtu ambaye haijamwona akikimbia, kwa hiyo anaanza msimu nje, au anakwenda kufanya majaribio daraja la tano. Kukaa klabu moja zaidi ya misimu kumi katika mazingira hayo, makocha wanabadilika na kila mmoja anakuja na watu wake, ni kazi ngumu kuliko hiyo almasi yenu.

BABU OFFSIDE:

Mama hapo nakubali. Mleta mada angeandika hivi tungemwelewa, badala yake ametuletea kicheko.

TAIFA LIKWANZA:

Mimi hasira yangu ni nyingine. Mchambuzi huyohuyo wiki zote anasema "vijana wetu waende hata League Two". Hata! Kama vile ni kupanda daladala ya Mbagala. Ndugu, kibali cha kazi Uingereza kwa mwanasoka ni cha pointi: mechi za timu ya taifa, ubora wa ligi unayotoka, dakika ulizocheza. Asiyefikisha anategemea nafasi maalumu, na klabu ya League One au League Two inaruhusiwa 2 tu. Hawatazitumia kwa mtu ambaye hawajamwona. Ndiyo maana wengi tunaowaona kule ni waliozaliwa au kukulia hukohuko. Haji Mnoga alitoka Portsmouth, akaenda Salford City. Tarryn Allarakhia alipita Crawley, Wealdstone, Rochdale, na anavaa jezi ya Taifa Stars. Kwa hesabu za mchambuzi huyu, Taifa Stars nayo ina mchezaji wa ndondo. Amewatukana wote kwa mpigo mmoja.

KIUNGO PUNDA:

ASANTE! Huo ndio uzi wangu. Na alicheka!

MKEKA SAFI:

Wakuu samahani, kwa kuwa mmeigusa EFL Trophy, huko ndiko kaburi la mikeka ya kubeti. Timu za vijana chini ya miaka 21 za klabu za Premier League zinacheza na timu za League One na League Two, vikosi vinabadilishwa kila wiki, yule kiungo mliyemsifu hapo juu anapumzishwa. Kisha hatua ya makundi sare inakwenda penalti, mshindi anapata pointi ya ziada. Watu wanaona timu yao "imeshinda" wanashangilia, kampuni inalipa matokeo ya dakika 90, yaani sare. Kila msimu kilio kilekile.

NAMBA NANE WA ILALA:

Mkeka, hapa si mahali pake.

MKEKA SAFI:

Ni mahali pake kabisa. Halafu kuna saa. Mechi ya Jumamosi saa tisa alasiri ya kwao, Agosti ni saa 11 jioni kwetu. Mwisho wa Oktoba wanarudisha saa nyuma, inakuwa saa 12. Mwisho wa Machi wanarudi tena. Ya Jumanne usiku inahama kutoka saa 3:45 kwenda saa 4:45. Redio zetu hazisemi!

BABU OFFSIDE:

Kumbe ndiyo maana mechi ya Novemba watu wanaifungua hakuna kitu. Nilidhani ni bando.

KISAUNI DAMU:

Bando nalo lina uzi wake, nani anaufungua? Hawa wa mitandao ya simu wametuchosha.

MAMA WA MKATABA:

Fungua wewe, nakuja. Lile la usiku linaisha saa 12 asubuhi hata ukitumia robo.

KIUNGO PUNDA:

Wakuu? Mpanzu?

MKEKA SAFI:

Mkuu, Cambridge wanacheza lini tena? Nataka GG, timu zote zifunge.