Naomba ushauri: kumpeleka mama Place des Vosges, Paris

Habari zenu wanajamii, na wakubwa shikamooni. Mama anakuja kunitembelea mwezi wa sita na anatamani kuiona Place des Vosges, ule uwanja wa mwaka 1612 wenye nyumba za matofali mekundu pande zote nne na bustani katikati. Shida ni magoti, ngazi za metro (treni za chini ya ardhi) haziwezi. Ramani ya simu inatushusha vituo vya metro vya Bastille au Saint-Paul, habari za lifti haisemi. Teksi nimeulizia, bei yake mh! Je, kutoka stesheni ya treni ya Gare de Lyon kuna basi linaloshusha karibu? Na pale kwenye nyasi wanaruhusu kukaa na kula? Mama hatoki bila maandazi yake.